Kitone cha Kijani na Chumba Namba Tano

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya maajabu. Nimepata cheo! Bado hakijathibitishwa. Na kuna mtu mwingine anayekitaka. Lakini nimeshakitangaza nyumbani, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna.

Nianze mwanzo. Asubuhi Meneja alituita sote chumba cha maonyesho, katikati ya magodoro. Kampuni yetu inatengeneza magodoro, na mimi ndiye karani wa oda. Wenzangu huniita Bwana Fomu, kwa sababu sijawahi kuacha kisanduku cha fomu wazi maishani mwangu. Wao wanadhani ni utani. Mimi nalichukua kama jina la heshima.

Meneja alikuwa amenuna. Alisema habari ni ya Mhasibu na kitone chake. Niseme hapa kwamba Meneja ana skrini yenye majina yetu yote, na mbele ya kila jina pana kitone. Ukigusa kompyuta yako, kitone kijani. Usipoigusa kwa dakika tano, njano. Njano ikikaa sana, Meneja huja mwenyewe kuona kama bado unapumua. Sasa Mhasibu kwa wiki mbili nzima, usiku na mchana, hakupata njano hata moja. Kijani tupu! Meneja akafurahi, akamwandikia barua ya pongezi, na leo akampigia simu kumsomea. Mhasibu akauliza pongezi za nini. Yuko likizo! Yuko shambani kwa baba yake anapalilia, na kompyuta aliiacha ikiwaka tangu tarehe ishirini na mbili Aprili. Likizo yenyewe alisainiwa na Meneja huyuhuyu, akasahau.

Meneja akasema basi kuna mdudu ameingia kwenye kompyuta zetu na anajifanya Mhasibu. Mtaalamu wa nje hapatikani mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo yeyote atakayemnasa mdudu huyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana atakuwa Mkuu wa Usalama wa Kompyuta, na atapewa Chumba namba tano.

Chumba namba tano! Zamani kilikuwa stoo ya karatasi. Kina dirisha. Kina feni. Kina mlango, na mlango una ufunguo! Mkono wangu ulipanda juu Meneja hajameza mate. Nyuma yangu ikapanda kalamu. Nikageuka. Bibi Masijala! Mama wa watu ana miaka thelathini anaandika nani kachukua faili lipi na kalirudisha lini. Kompyuta yake huifunika kwa kitambaa isishikwe na baridi. Nilimhurumia kwa moyo wote.

Jioni nikamwambia mama mkwe. Mama mkwe yuko kwetu tangu mwisho wa Machi. Alikuja kwa siku tatu. Kila jioni hunipa habari za mwanyumba wangu, yaani yule aliyeoa dada wa mke wangu. Mwanyumba ana ofisi. Ofisi ya mwanyumba ina mlango. Hata wakubwa humbishia hodi mwanyumba. Leo nilijibu. Nilimwambia mama kwamba hata mimi nitaanza kubishiwa hodi, nimeshapewa chumba, chumba namba tano. Mke wangu alinitazama kama anayesoma maandishi madogo. Mama akaweka kijiko chini, akasema Ijumaa atakuja kuuona huo mlango kwa macho yake.

Nimesema aje. Ningesema nini?

Jumanne, 7 Mei

Nimejifunza uwindaji! Saa moja nzima nilikaa mbele ya video ya kijana mwenye kofia. Kumbe kompyuta ina dirisha jeusi ambalo watu wa kawaida hawalifungui. Hakuna picha, hakuna vitufe. Unaandika amri, unabonyeza, nalo linakujibu kwa maandishi matupu. Nimeandika amri tatu kwenye kikadi. Ya kwanza inaorodhesha kila programu iliyo hai ndani ya kompyuta, na namba yake. Ya pili inaonyesha programu gani inazungumza na watu wa nje. Ya tatu inaua. Unaitaja namba, inakufa.

Nilianza kwa kubadili rangi ya maandishi iwe kijani, ili Meneja akipita aone kazi. Akapita. Akaona. Akapita kwa vidole vya miguu asinisumbue.

Kisha nikaenda kwenye kompyuta ya Mhasibu, nikaandika amri ya kwanza. Orodha ikashuka. Majina mia moja na kitu, yote ya ajabuajabu. Nikayapitia moja moja kwa rula. Na pale, katikati, mstari wa sitini na mbili, likanitazama jina ninalolijua.

Mlinzi Msaidizi.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa tena.

Mlinzi Msaidizi ni wangu. Nimemtunga mimi, kwa mikono yangu. Shajara haidanganywi, basi nieleze. Mama mkwe alipokuja alipewa kitanda, alale na binti yake. Mimi nikapewa kochi. Kochi lina futi nne na nusu. Mimi nina sita. Kwa siku nne sikulala. Siku ya tano niliandika oda ya magodoro mia nane kwa mteja aliyetaka manane. Hapo nikaona lazima nipate usingizi mahali fulani, na mimi nafanya kazi mahali penye magodoro! Ghalani, safu ya tatu, kuna godoro la sampuli la inchi nane ambalo halina mwenyewe. Tatizo lilikuwa kitone. Nikatafuta kwenye mtandao, nikapata programu ndogo inayobonyeza kitufe kimoja kila baada ya dakika nne kwa niaba yako. Nikaipa jina la Mlinzi Msaidizi, maana mlinzi haulizwi anafanya nini. Nikaingia kwenye kompyuta kuu kwa nywila iliyobandikwa chini ya kalenda tangu enzi za meneja aliyepita, nikampangia kazi. Tangu hapo, kila siku saa sita hadi saa nane mimi nimelala na kitone changu kinachapa kazi.

Lakini kafikaje kwa Mhasibu? Nikafikiri. Nikakumbuka. Wakati wa kumpangia kazi, kompyuta kuu iliniuliza awekwe wapi. Visanduku viwili. Cha kwanza: kompyuta hii. Cha pili: kompyuta zote. Mimi huyu niache kisanduku wazi? Niliweka tiki vyote viwili.

Yuko kwenye kompyuta zote tisa! Ofisi nzima ina kijani tangu Machi. Na siku za mwizi ni arobaini. Nikachukua kalenda, nikahesabu. Nilimweka tarehe ishirini na nane Machi. Leo ni ya arobaini. Leo kamili!

Nilitazama mlango mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyenishika. Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa kuchezacheza. Nimevuka! Na njiani, hewa safi ikinipiga, nikaona jambo kwa uwazi. Mimi ndiye mtu pekee anayemjua mdudu huyu kwa jina. Nani atamkamata mbuzi upesi kuliko mwenye kumfuga? Ningeweza kumfuta kesho asubuhi kimyakimya. Lakini nikimfuta kimyakimya nani ataniona? Hapana. Nitamuua hadharani, mbele ya Meneja. Mdudu atakufa, siri itakufa naye, na Chumba namba tano ni changu.

Kuna watu wana akili, jamani.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi. Nimewaita Meneja na wenzangu saa nne kamili. Nimevaa tai.

Jioni. Mungu wangu.

Nilieleza kwa ufupi jinsi nilivyomsaka usiku na mchana. Nikafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta ya Mhasibu. Nikaorodhesha. Nikamwonyesha Meneja kwa rula: huyu hapa, Mlinzi Msaidizi, namba 4412, mdudu hatari. Wakasogea. Nikaandika amri ya kuua. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayezindua daraja. Kompyuta ikasema amekufa. Makofi! Meneja akanishika bega.

Nikaorodhesha tena ili waone pengo alipokuwa.

Mlinzi Msaidizi. Namba 4530.

Nikamuua. Akarudi na namba nyingine. Nikamuua haraka zaidi. Akarudi. Meneja akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na moja, tai ilikuwa inaninyonga. Nikakumbuka pia, nimechelewa kama kawaida, kwamba mwezi Machi nilikuwa fundi kupita kiasi. Fomu ya kompyuta kuu iliniuliza: programu ikizimika, iwashwe tena? Nikajibu ndiyo, ndani ya dakika moja. Iliuliza mara ngapi. Nikajibu daima.

Nikawaambia ni mdudu wa kizazi kipya. Meneja akaniuliza kizazi kipya maana yake nini. Nikasema ndiyo hicho wanachokiona.

Hapo Bibi Masijala akavaa miwani, akasogea, akatazama skrini muda mrefu. Halafu akauliza swali moja, kwa upole, kama mtu anayeulizia faili. Alisema huyu mtoto kila akifa anazaliwa mwingine. Haya. Nani anayemzaa?

Mimi nilikuwa na jibu lakini sikuliona la kufaa.

Akasema hata faili haliji lenyewe mezani. Kuna aliyelileta, na kuna aliyemtuma aliyelileta. Akaniuliza kama hilo dirisha jeusi linaweza kutaja mzazi. Nikasema haliwezi. Meneja akasoma kikadi changu, nyuma, ambako nilikuwa nimenakili kwa mwandiko mzuri amri ya nne: ya kuonyesha mzazi wa kila programu. Kwa nini niliinakili? Kwa sababu video iliitaja! Siwezi kuruka kipengele.

Bibi Masijala akaazima kikadi. Alipokuwa anatoka akamnong'oneza Meneja kitu, akionyesha ukutani kwenye kalenda. Sikujali. Kesho asubuhi nitaingia kompyuta kuu, nimfute huyu mtoto pamoja na ukoo wake wote, na ya hadharani basi. Heshima tutaitafuta kwa njia nyingine.

Alhamisi, 9 Mei

Kalenda imetolewa! Nywila imebadilishwa! Sasa anaijua Meneja peke yake, kwa ushauri wa Bibi Masijala. Nimesimama mbele ya ule mraba mweupe ukutani kama mtu aliyefika msibani amechelewa.

Kwa akaunti yangu naweza kuorodhesha na kuua. Kufuta siwezi. Basi nikaja na mpango wa pili: lawama ziende mbali. Nikamkimbilia Meneja kabla hajatoka, nikamwambia mdudu ametumwa kutoka nje, nchi za mbali, kuna genge. Nikaandika amri ya pili, ile ya kuonyesha nani anazungumza na nje. Namba nyingi zikashuka. Nikazinyooshea kidole kwa hasira. Meneja akasema ee, ee, hawa watu wabaya kweli.

Bibi Masijala alikuwa mlangoni. Akaomba aone. Akatafuta namba ya Mlinzi Msaidizi katika orodha ile, mstari kwa mstari, kwa ncha ya penseli. Haimo. Akapima kompyuta ya pili. Haimo. Ya tatu. Haimo. Akasema huyu mdudu hajatuma barua nje hata siku moja, wala hajapokea. Hajachukua faili. Hajafuta kitu. Anabonyeza kitufe tu. Mwizi gani wa mbali anayesafiri njia yote hiyo aje kubonyeza kitufe? Akatikisa kichwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Alimwambia Meneja, lakini alinitazama mimi. Au labda alitazama saa ya ukutani, iko nyuma yangu.

Meneja akaondoka kwenda kiwandani mpaka kesho. Nikamfuata Bibi Masijala chumbani kwake. Lo! Amechora mistari kwenye daftari kubwa. Safu ya mtoto, safu ya mzazi, safu ya babu. Kompyuta tisa zote kaziandika. Watoto wote tisa wana mzazi wa aina moja, na wazazi wote wametumwa na babu mmoja, kazi iliyopangwa kwenye kompyuta kuu. Anasema kilichobaki ni kumfungua babu tusome anaitwa nani. Inahitaji nywila ya Meneja. Kesho, saa tano.

Nikamletea chai. Nikamwambia, mama, macho yako yamechoka, likizo yako vipi? Akasema ahsante mwanangu, likizo ni Agosti. Nikamwambia kuchimbachimba mambo ya ukoo huleta ugomvi katika nyumba. Akasema kweli, na akanywa chai.

Akaenda kunawa mikono. Miwani ilikuwa mezani.

Sijivunii. Niliichukua. Bila miwani hasomi, na asiposoma hakuna babu. Nikaikimbiza ghalani, nikaisukuma chini ya foronya ya godoro langu, safu ya tatu. Nikarudi nikipiga mluzi. Nikamkuta ameshavaa miwani nyingine. Akaniambia mtu wa masijala huwa na nakala ya kila kitu.

Nyumbani, mama mkwe anapiga pasi gauni lake la sherehe. La sherehe! Kwa ajili ya mlango! Alimwambia mke wangu kwamba huenda alinihukumu vibaya. Nilisikia kutoka kwenye kochi. Niliona aibu ya kweli. Nilitaka nimwambie asije. Nikasema tu, gauni limenyooka, mama.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika nikiwa na akili timamu, nisije nikasahau kitu.

Mama mkwe alifika saa tano kasorobo. Gauni, viatu vya kisigino, na kifurushi. Nilimkimbiza moja kwa moja Chumba namba tano kwa njia ya nyuma. Nilifikiri akiuona mlango mara moja, akaushika kitasa, akaridhika, nitampakia arudi nyumbani kabla ya saa tano. Akauona. Akaushika kitasa. Akafungua kifurushi. Kizulia cha mlangoni! Alikuwa amekifuma mwenyewe, wiki hii, mchana tukiwa kazini. Bluu, na ukingo mwekundu. Akainama akakiweka mbele ya mlango, akakinyoosha pembe kwa kiganja. Akasema, baba, mtu mwenye ofisi hapaswi kuingiziwa vumbi.

Nilitaka ardhi inimeze. Haikuwa na nafasi.

Meneja akatokea kwenye korido, akamsalimia mama kwa heshima zote, akasema amekuja wakati mzuri, mwindaji yuko karibu kunasa mdudu. Akamkaribisha aone. Mama akafurahi, akanishika mkono. Nikaongozwa kama ng'ombe.

Kompyuta kuu. Meneja akaandika nywila ameifunika kwa kiganja. Bibi Masijala, na miwani yake ya nakala, akaandika amri ya kumfungua babu. Kwa kidole kimoja, lakini hakukosea hata herufi. Dirisha jeusi likamwaga rekodi nzima. Wao walitegemea mstari mmoja. Meneja akashangaa. Akasema mtaalamu wa nje alimwambia kwa simu kwamba wadudu hawaachi maelezo, kila kisanduku huwa kitupu.

Hapa vyote vilikuwa vimejazwa.

Bibi Masijala akasoma kwa sauti ya masijala, isiyo na furaha wala hasira. Jina la kazi: Mlinzi Msaidizi. Tarehe: ishirini na nane Machi, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Kompyuta: hii; zote. Mhusika: jina langu, majina matatu. Cheo: Karani wa Oda. Simu ya mhusika: yangu.

Meneja akanigeukia. Nikatazama saa ya ukutani. Safari hii kweli.

Akaendelea. Sababu ya kazi. Nakumbuka neno kwa neno, niliiandika vizuri sana: "Kumwezesha mhusika kupumzika kuanzia saa sita hadi saa nane kila siku ya kazi, juu ya godoro la sampuli la inchi nane, ghalani, safu ya tatu, kwa kuwa nyumbani kitanda kimechukuliwa na mama mkwe, ambaye tarehe yake ya kuondoka haijulikani."

Maoni mengine: "Godoro ni zuri."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama mkwe aliuachia mkono wangu. Hakuuvuta, aliuachia tu. Akauliza hilo godoro liko wapi.

Tukaenda wote ghalani, msafara mzima. Mama akavua viatu, akalala juu ya godoro na gauni lake la sherehe, akatazama dari. Kisha akapapasa chini ya kichwa, akatoa miwani. Bibi Masijala akaipokea, akaiangalia, akaiweka mfukoni, akasema ahsante. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Mama akasema akiwa bado amelala. Alisema kochi ni fupi kwangu, lakini yeye ni mfupi, angelala bila taabu. Alisema alikuwa akilala na binti yake kwa kuwa alidhani ndivyo nilivyotaka, mbona nilikuwa nakimbilia kochi kila jioni kwa furaha? Alisema, baba, ungesema tu.

Kusema tu! Hilo wazo halikuwahi kunijia. Nikamwomba radhi mbele ya watu wote, na nilimaanisha.

Halafu mambo yakaenda haraka. Chumba namba tano: Bibi Masijala. Cheo: Bibi Masijala. Mama mkwe akamshika mkono, akampongeza, akamwonyesha kizulia mlangoni akasema kilifumwa kwa ajili ya mwenye mlango, na mwenye mlango ni yeye. Wamepeana namba za simu. Wanapikiana chai tayari.

Meneja alitaka kunifukuza. Akachukua fomu ya kufukuza, ina kurasa sita. Akakwama kisanduku cha tatu. Akaniuliza. Nikamweleza, na nikamkumbusha kwamba ukurasa wa nne unahitaji saini mbili na nakala ya hati iliyofutwa mwaka juzi. Akaitazama fomu. Akanitazama mimi. Akairudisha kwenye droo akashika kichwa. Badala yake, ufunguo wa ghala umechukuliwa na kutundikwa Chumba namba tano, na kuanzia Jumatatu kila saa nitakwenda kusaini daftari la Bibi Masijala, nikiwa nimesimama mlangoni pake. Juu ya kizulia.

Jumamosi, 11 Mei

Nimelala kitandani! Saa kumi mfululizo! Mke wangu anasema nilicheka usingizini. Mama mkwe kalala kwenye kochi, amenyooka kabisa, na miguu haikufika mwisho. Asubuhi alisema hajawahi kulala vizuri hivyo tangu aje. Kwa jinsi alivyo na raha, atakaa mpaka Desemba.

Nimetafakari sana. Uongo haufai. Ujanja haufai. Mtu aseme shida yake, apate msaada, aishi kwa amani. Nimemwambia mke wangu mimi ni mtu mpya. Akasema sawa, na akaendelea kukunja nguo.

Jumatatu, 13 Mei

Nimesaini mara nane. Bibi Masijala huniambia ahsante mwanangu kila mara. Kizulia ni laini, lazima niseme.

Sina usingizi hata kidogo. Nilipiga miayo? Hapana. Nilichoka? Hapana. Lakini ilipofika saa sita miguu ikaanza kuelekea ghalani yenyewe, kwa mazoea. Mlango umefungwa. Nikaweka sikio. Nilisikia ule utulivu wa safu ya tatu. Kati ya saini na saini kuna dakika hamsini na kitu. Dakika hamsini nzima zinapotea bure, na godoro la inchi nane linalala peke yake! Huu ni ubadhirifu.

Na ufunguo unaning'inia mlangoni, umbali wa mkono kutoka kwenye daftari. Kwenye saini ya saa saba, Bibi Masijala alipogeuka kuchukua wino, niliubana kwenye kipande cha sabuni nilichokuwa nacho mfukoni kwa bahati. Ukaacha alama safi, meno yote.

Jioni nikapita kwa fundi wa funguo, nyuma ya soko. Hakuna kompyuta hapo, hakuna dirisha jeusi, hakuna mzazi wala babu. Patupu kabisa! Safari hii hakuna wa kunifuata. Na fundi mwenyewe ni mtu wa utaratibu, nimempenda. Hachongi ufunguo bila fomu. Jina la mteja. Mahali pa kazi. Mlango unaohusika. Sababu ya kuhitaji nakala. Jina na simu ya mwenye mlango. Akaniambia hicho kisanduku cha mwisho wengi hukiacha wazi, naye hawalazimishi.

Wengi! Nikacheka. Namba ya Meneja naijua kwa kichwa. Fundi akasema atampigia kesho saa mbili asubuhi kuhakiki, kisha ndipo achonge. Nikampongeza kwa kazi nzuri, nikaweka saini yangu ya tisa ya leo.